Mkanda wa Soksi za Nesi Honorata

Msimu wa korosho wa mwaka 1954 uliijaza Kisarawe watu, na duka la Husseini likafurika kuliko mengine yote. Katikati ya msongamano alisimama Nesi Honorata, mkunga wa zahanati, gauni jeupe limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, kofia kichwani, na miguuni soksi ndefu nyeupe ambazo kazi ilimlazimisha kuzivaa. Alizifunga juu ya magoti kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mpira ukikaza unakata nyama, ukilegea soksi zinashuka. Alikuwa amechoka, na sasa alitaka mkanda wa soksi, ule unaovaliwa kiunoni ukaning'iniza lastiki zenye vibanio.

Husseini alikuwa nao mmoja tu, wa waridi, mwembamba kama utepe. Honorata aliugeuzageuza haraka haraka asionekane.

"Huo usichukue," ilisema sauti kutoka barazani. "Utajikunja ukukate kiuno."

Alikuwa Hilario, fundi cherehani wa baraza lile, kijana wa shati la kaki na tepu shingoni.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Macho yameona yenyewe."

"Basi yafumbe."

"Nikiyafumba nitajishona kidole, nije kukusumbua zahanati. Unataka?"

Honorata alicheka bila kupenda. Hilario akamweleza, kwa sauti ya chini, kwamba angemshonea wa dril nyeupe, kitambaa kigumu cha pamba, mpana kama kiganja, wenye lastiki tatu kila mguu, maana zikiwa mbili soksi hulegea nyuma. Kipimo hakukichukua yeye. Kisarawe fundi mwanamume hakuzungusha tepu kiunoni mwa msichana. Msichana alipimwa nyumbani na mwanamke mtu mzima, kwa uzi, ukapigwa fundo na kupelekwa kwa fundi. Honorata alipimwa na Bibi Siwema, mwenye nyumba aliyopanga.

"Nikiushona vizuri hutarudi," Hilario alisema akipokea uzi. "Afadhali nikulegezee kidogo."

"Thubutu uone!"

Alirudi hata hivyo. Kwa kuwa baraza lilijaa masikio, mkanda waliuita mgonjwa.

"Mgonjwa anaendeleaje, nesi?"

"Akisimama mzima. Akiketi, nyuma panamvuta mpaka anataka kulia."

"Lastiki za nyuma nitaziongeza urefu, nizisogeze ubavuni asizikalie. Na vibanio avirekebishe akiwa ameketi. Akivirekebisha amesimama, atalia tena."

Mgonjwa akapona, ila nesi hakuacha kuja. Alikuja kwa kifungo kilichokatika, kwa pindo lililofumuka, mwisho akaja mikono mitupu. Hilario akamwita laazizi. Yeye akamwita mtu wa maneno mengi. Walipendana, na Kisarawe nzima ilijua.

Kisha ikaja Jumapili ya kipaimara. Askofu alikuwepo, na Honorata alikuwa msimamizi wa binti mmoja. Alivaa gauni la krepu rangi ya samli na viatu vya kisigino, akaenda mbele na mkono wake begani mwa binti. Hatua chache tu, akahisi mkanda unateleza. Ukashuka nyongani, soksi zikafuata, na alipofika mbele ya Askofu zilikuwa zimejikusanya kwenye vifundo vya miguu. Kwenye mabenchi watoto walicheka, kisha na wakubwa.

Jumatatu alifika barazani kabla ya kwenda kazini, wanawake wamejaa na vitambaa vyao.

"Ulisema utanilegezea, Hilario. Umenilegezea kweli!"

"Nilikuwa nakutania, mpenzi."

"Ukaona unitanie mbele ya Askofu? Usiniite mpenzi. Fundi anayechezea vipimo vya wanawake hana adabu!"

Wanawake walisikia. Mmoja alichukua kitambaa chake, wa pili akafuata, na kufikia Ijumaa hakuna aliyekuwa tayari kupeleka uzi wake kwa Hilario. Husseini, aliyependa wateja kuliko mafundi, akamwambia atafute baraza lingine. Hilario alipakia cherehani kwenye lori, akahamia Kibaha.

Honorata alirudia mpira wa baiskeli. Alisema hamkumbuki, ingawa usiku alilia. Siku moja Bibi Siwema alimtaka auvae ule mkanda, aone ulivyolegea. Akauvaa. Ukamkaa sawasawa.

"Mbona umekukamata?" bibi aliuliza. Kisha akajipiga paja. "Mwanangu, ile Jumapili ulivaa shanga zako za kiunoni?"

"Nilizivua. Kina mama wa kanisa walikataza wasimamizi kuvaa shanga."

"Basi! Uzi niliuzungusha juu ya shanga, kamba zote saba!"

Honorata aliketi kitandani. Alikuwa amemnyang'anya mkate mtu aliyempenda, na mtu huyo hakuwa na kosa.

"Nitamwambiaje, bibi?"

"Hapo ndipo pagumu. Mwanamke hamtajii mwanamume shanga zake, ila mumewe. Ukinyamaza, hakuna atakayejua."

Honorata alipanda lori, akamkuta Hilario kando ya barabara Kibaha, chini ya kibanda cha makuti, akishona magunia.

"Karibu, nesi. Vya kike sishoni tena."

"Nimekuja kukuomba radhi. Kosa halikuwa lako."

"Lilikuwa la nani?"

Honorata aliangalia viatu vyake.

"Ulinitukana mbele za watu," Hilario alisema, bila kuacha kukanyaga cherehani. "Kama umekuja kunihurumia, asante, rudi salama. Kama unalijua kosa, litaje."

"Barazani nimeshawaambia kosa ni langu. Waliniuliza lipi, sikuwajibu."

"Basi usinijibu na mimi."

"Wewe nakujibu." Alivuta pumzi. "Uzi ulipimwa juu ya shanga. Kanisani nilizivua."

Cherehani lilisimama. Hilario alikuwa mtoto wa pande hizo hizo, hakuhitaji kuelezwa. Aligeuza uso akatazama barabara, masikio yanamwaka.

"Honorata, unajua ulichoniambia?"

"Nilijua tangu napanda lori."

"Neno hilo haambiwi fundi."

"Sikumwambia fundi."

Hilario alikata uzi wa gunia, ingawa mshono ulikuwa haujafika mwisho.

"Wazee wako wako wapi?"

"Masaki ya Kisarawe. Mjomba Kasiani ndiye mkubwa. Ni mkali, mpeleke mshenga mwenye subira."