Nyumbani Pana

Hebu fumba macho kidogo, umwone mchapaji ameinama mezani, jua la adhuhuri limemkalia mgongoni. Anapanga herufi za mbao alizonunua jana kwenye kiwanda kilichofungwa: nene, ndefu, zimebanwa mbavu, hazina vikia wala pambo. Ni herufi za mabango, zisomwe kutoka ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba ya kupangisha ameagiza maneno matatu tu: NYUMBA NI PANA.

Mstari ukazidi fremu kwa upana wa vidole viwili. Mchapaji, fundi wa miaka thelathini, akafanya jambo ambalo angemkaripia mwanafunzi kwa kulifanya. Akachomoa vile vijiti vitupu vinavyotenga neno na neno. Mstari ukaingia. Akachapa mabango mia mbili.

Mkewe, aliyekuwa akishona chumba cha pili, akaja kuchungulia.

"Nyumbani pana," akasoma. "Pana nini, baba watoto?"

"Soma vizuri. Nyumba ni pana."

"Nasoma ulichoandika, si ulichokusudia. Nyumbani pana... pana mume asiyejua kuandika!"

Akacheka peke yake. Palinuka majivu yaliyomwagiwa maji, ingawa jiko halikuwa limewashwa.

Kesho yake, mwenye nyumba ya kupangisha alipokwisha kuyachukua mabango yote, mlango wa chumba cha kushonea ulikwaruza. "Umenenepa huu au ni mimi?" mke akatania. Siku ya tatu hakutania. Cherehani, iliyokaa hatua nzima kutoka ukutani, ilikuwa imegusa ukuta, na hakuna aliyeisogeza.

"Baba watoto," akanong'ona, mkono kifuani, "kuna mtu kati yangu na ukuta. Ananisogelea. Sipati pumzi."

Mchapaji akakimbilia mezani kuvirudisha vijiti, lakini herufi zilikuwa zimevimba zikashikana, akazipiga nyundo, akazimwagia mafuta, akazitia patasi mpaka ncha ikakatika, na kila alipopiga alimsikia mkewe akiguna ng'ambo ya ukuta, kana kwamba nyundo inatua kwenye mbavu zake, hata akaiweka chini, akabaki ameshika mikono yake mwenyewe.

Mganga, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuja na ubani. Akazitazama herufi zilizoshikana mezani, akaufunga mkoba bila kuwasha kitu.

"Mwanangu, mimi humtoa jini aliyeingia mwenyewe. Huyu ametangaziwa nafasi. Ulisema nyumbani pana, hukusema pana nini. Amekuja kulijibu swali."

"Nifanyeje, mama?"

"Mhamishe mkeo. Zaidi ya hapo sijui, na sitakudanganya."

Mke akahamishiwa kwa dada yake, mtaa wa tatu. Mchapaji alifika nyuma yake na furushi la nguo. Shemeji yake, yule dada wa mkewe, alikuwa akisukuma mlango kwa bega.

"Shemeji, huu mlango jana ulifunguka kwa kidole!"

Ndani, mkewe alivuta pumzi fupi, nyembamba, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Mchapaji akageuka. Ukutani, ng'ambo ya barabara, mwenye nyumba alikuwa amebandika moja ya yale mabango. Mstari ulikuwa umerefuka, na wino wa herufi tatu za mwisho bado ulichuruzika: NYUMBANIPANAMTU.

Akalichana. Yalibaki mia na tisini na tisa, na hakujua yamebandikwa wapi.

Nawe, mwanangu, ukishika kalamu kuandika hata neno dogo, tafadhali kumbuka jambo moja: acha nafasi.