Mbavu za Mpagazi

Kisemeshi kilikuwa kikiwapa sauti watu waliokufa zamani, na ukumbi mzima jijini Dodoma ulikuwa hoi kwa kucheka. Mashine yenyewe haikuzidi ukubwa wa sufuria. Iliitazama filamu bubu, ikasoma midomo, koo na mashavu ya waigizaji, kisha ikatamka yaleyale waliyoyasema mbele ya kamera isiyosikia.

"Hii inavunja mbavu, Bwana Chitemo," Mhandisi Salhina alimnong'oneza mkuu wa Hifadhi ya Filamu, ambaye siku hiyo angeamua kama kisemeshi alichokiunda mhandisi huyo kipokewe au kikataliwe.

Filamu ilipigwa pwani, enzi za ukoloni. Wazungu wawili wenye kofia walimpandisha mpagazi ngazi na kinanda mgongoni, wakamtega mguu. Akaporomoka hadi chini, kinanda kikamwangukia. Wakamwinua, wakamtega tena. Kila alipofungua kinywa, kisemeshi kilitoa "blebu-blebu-gwaa," na watu wakazidi kuangua kicheko. Salhina aliiona kasoro hiyo mapema, akaiacha kwa kuwa ilimchekesha. Hata kicheko cha kuinogesha filamu, kilichotoka mashineni, alikirekodi kwa sauti yake mwenyewe.

Chitemo hakucheka. "Binti, huyu anasema lugha gani?"

"Hana lugha, mzee. Anabwabwaja tu."

"Mtu mzima, hana lugha? Wewe umeiwekea mashine lugha gani?"

"Ya wenye filamu, ya Wazungu."

Alipolisema neno hilo ndipo naye alipolisikia. Filamu ya pwani, na yeye mzaliwa wa Pangani! Akabonyeza Kiswahili, akairudisha picha nyuma.

Mpagazi akaporomoka. Kicheko kikaanza, kisha sauti ya mwanamume ikasema kwa pumzi za kukatika: "Basi, bwana. Mbavu zimevunjika. Basi, nakuomba." Wakamwinua. "Mama yangu, siwezi tena." Wakamtega.

Ukumbi ukatulia kama maji mtungini. Kicheko kimoja tu kiliendelea, cha mwanamke, cha raha zake, kikiyafunika maneno ya yule mtu.

"Nani huyo asiye na haya?" akauliza mama mmoja wa mstari wa mbele, akigeuka huku na huku.

Salhina alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi, mama," akasema, akanyoosha mkono kuizima mashine.

Chitemo akauzuia. "Zima kicheko chako. Yeye mwache aseme."