Neno "Bado" Kwenye Tangi la Sabuni

Kila siku shule ilipofungwa mchana, msichana mmoja wa darasa la sita hakwenda nyumbani moja kwa moja. Mama yake alirudi kutoka kazini jioni, kwa hiyo yeye alipitia kwenye kiwanda cha sabuni alikofanya kazi baba yake. Huko aliketi kwenye benchi karibu na mlango wa ukumbi wa mitambo, akafanya hesabu zake mpaka baba amalize zamu.

Wafanyakazi walimwita Mkato, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ukimtuma na maneno kumi, yalifika mawili. Siku moja mama yake alimtuma kwa shangazi aseme kwamba mgonjwa wa pale kwao hajambo kidogo, ila daktari amemkataza wageni kwa siku tatu. Mkato alifika, akasema, "Mgonjwa hajambo," akageuka na kwenda zake kucheza. Jioni ile ile shangazi alibisha hodi akiwa na watoto wake wanne. Watu walicheka, na Mkato akacheka zaidi yao. Alisema maneno mengi yanamchosha.

Siku ninayoisimulia, kiwanda kilikuwa kimya kuliko kawaida, na ukimya ule haukumpendeza. Tangi kubwa la kuchanganyia sabuni lilikuwa limezimwa. Lilikuwa tangi la chuma lenye kimo cha watu wawili, na ndani yake mlikuwa na mapanga manne mapana kama milango. Lilipozunguka, sakafu ilitetemeka na penseli ikabiringika kwenye benchi. Sasa sabuni ilikuwa imegandia mapanga, na baba yake Mkato, ambaye ndiye fundi, alikuwa ameingia kupitia mlango mdogo wa juu ili aikwangue kwa patasi.

Kutoka ndani ilisikika sauti moja tu. Tok. Tok. Tok. Ilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani na kuomba kufunguliwa. Mkato aliogopa, ingawa hakujua anaogopa nini.

Swichi ya tangi ilikuwa kwenye chumba kingine, nyuma ya ukuta mnene. Aliyekaa pale hakuweza kuliona tangi. Zamani vyumba hivyo viwili viliunganishwa kwa simu ya mezani, lakini simu ile ilikufa Jumatatu na hakuna aliyeishughulikia. Basi habari zikawa zinapita kwa midomo ya watu. Zamu ya asubuhi, aliyekaa kwenye swichi alikuwa mzee mmoja mwenye maumivu ya magoti, ambaye kila mtu alimwita Babu Swichi.

"Mjukuu wangu," alimwita Mkato, "hebu niazime miguu yako. Nenda kamuulize baba yako kama amemaliza kukwangua, na kama ametoka ndani ya tangi. Kisha uje uniambie alivyosema. Umenisikia?"

"Nimekusikia, babu."

Mkato alikwenda. Alipanda ngazi ya chuma mpaka karibu na ule mlango mdogo. Harufu kali ilimpiga puani, na alipochungulia hakuona kitu ila giza. Alitaka ashuke upesi.

"Baba! Bado?"

"Bado!" sauti ilijibu kutoka chini. Ilikuwa nzito, wala haikufanana na ya baba yake.

Akashuka mbio. Alipofika chumba cha swichi, Babu Swichi hakuwapo. Saa nane ilikuwa imegonga, zamu yake imekwisha, na kwenye kiti chake alikuwa dada wa zamu ya mchana, anavaa glavu. Mzee alikuwa amemwachia maneno machache tu huku akitoka: "Kuna fundi wa kukwangua tangi. Mtoto ataleta habari."

"Enhe, baba yako anasemaje?" dada aliuliza.

"Kasema bado."

"Haya, asante."

Mkato akarudi kwenye benchi lake, roho kwatu.

Sasa litazameni neno hilo, wasomaji wangu. Mtu akiwa ndani, bado maana yake hajatoka. Mtu akiwa nje, bado maana yake hajaingia. Baba alisema la kwanza, dada akasikia la pili. Na kwa kuwa dada alikuwa mwema, alipata wazo jema: kwa vile fundi hajaingia, ngoja alizungushe tangi dakika tano, sabuni iliyoganda ilegee, naye fundi asipate taabu. Akanyoosha mkono akabonyeza king'ora.

Utaratibu ulikuwa king'ora kilie mara tatu, ndipo mashine iwashwe.

Kilipolia mara ya kwanza, Mkato hakuinua hata kichwa. Alidhani ni king'ora cha mashine za kufungia sabuni, kule upande wa pili. Tok, tok, tok, patasi iliendelea. Baba yake naye alidhani vivyo hivyo.

Kilipolia mara ya pili, Mkato aliona taa nyekundu imewaka juu ya tangi.

Penseli ilimponyoka. Kwa muda wa kuvuta pumzi alisimama pale hajui aende wapi. Akimbilie ngazi amwite baba? Lakini baba angetokaje kwa wepesi, katikati ya yale mapanga? Akageuka akakimbilia chumba cha swichi. Mguu uliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, akaanguka kwa goti, akainuka. King'ora kikalia mara ya tatu.

"Dada, usiwashe! Baba yangu yumo ndani ya tangi! Yumo ndani, hajatoka!"

Mkono wa dada ulikuwa tayari kwenye swichi, umekwisha kuivuta nusu. Aliuachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akakaa chini sakafuni. Nyuma ya ukuta, kwa mbali, waliisikia patasi inagonga polepole. Fundi hakuwa na habari yoyote.

Msimamizi wa kiwanda alifika baada ya dakika chache. Alikuwa mama wa makamo asiyepaza sauti, na siku hiyo alikuwa mpole zaidi, jambo lililowatisha watu. Fundi alikuwa ameshatolewa, sabuni imemjaa mpaka kwenye nyusi. Babu Swichi alikuwa amerudishwa kutoka getini.

"Nani aliyekwambia fundi hajaingia?" msimamizi alimuuliza dada.

"Niliambiwa bado, mama. Nami nikajua bado hajaingia."

Macho yote yalimgeukia dada. Mkato aliona wazi kwamba akinyamaza, mzigo wote utamwangukia dada, na kazi yake itaota mbawa. Akasema.

"Ni mimi, mama. Babu aliniambia niulize mambo mawili, mimi sikuuliza hata moja. Niliogopa pale juu, nikataka kushuka haraka. Nilisema bado tu, baba naye akajibu bado."

"Hata mimi nina kosa," baba yake alisema. "Nilijibu bila kujua naulizwa nini."

Babu Swichi aliinamisha kichwa. "Nami nimeondoka bila kumwambia mwenzangu kwamba mtu yumo ndani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kulala."

"Na kile kibao cha MTU NDANI, kinachotakiwa kutundikwa kwenye swichi?"

Msimamizi alitafuta kwa macho, akakiona. Kilikuwa kimewekwa chini ya meza, chini ya mguu uliokatika, ili meza isiyumbe. Alikitoa mwenyewe, na meza ikainama upande.

"Sikilizeni," alisema. "Na wewe mwanangu, sikiliza. Neno likiwa kichwani mwako linatosha, kwa sababu kisa kizima unakijua. Likifika kwa mwenzako, linafika peke yake, naye atalikamilisha kwa mawazo yake. Leo watu wanne wamefanya hivyo, na mmoja wao nusura tumtoe kwa ndoo. Ukitumwa, rudia ulichoambiwa mbele ya aliyekutuma. Ukijibiwa, uliza tena mpaka jibu lisiwe na maana mbili. Dakika moja ya kusema haijamchosha mtu yeyote hapa."

Mkato alilia, na hakuna aliyemkataza.

Nusu ya sabuni ilikuwa bado imeganda, na kazi ilibidi imalizike. Msimamizi aling'oa fyuzi ya swichi akaitia mfukoni, akakitundika kibao. Baba alimtazama binti yake, akapanda ngazi, akaingia tena kwenye lile giza. Mkato alisimama chini ya ngazi karibu saa nzima, hakuketi wala hakuondoa macho kwenye ule mlango. Patasi iliponyamaza, kikatokea kichwa, kisha mabega, kisha miguu yote miwili.

Alikwenda chumba cha swichi kwa hatua za kawaida.

"Dada," alisema, "baba yangu amemaliza kukwangua tangi lote. Ametoka nje, nimemwona kwa macho yangu, na sasa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, ameshika patasi yake mkononi. Ndani hakuna mtu."

"Rudia," dada akasema.

Akarudia, neno kwa neno.