Spika Nisiyoiunganisha

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika kwa yule mtu kuchukua amplifaya. Nilikuwa bado na shati la kazini, na furaha yangu ilikuwa ya kitoto, siwafichi. Mtaani kwetu wananiita Besi. Mtu akitaka kununua redio, ananiita nikamsikilizie kwanza. Sherehe ikipigwa muziki unaokwaruza, mimi natoka nje. Lakini nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa na spika mbili zilizochakaa, na watu walikuwa wanaanza kunicheka. Kwa hiyo nilipoona tangazo la amplifaya ya sinema ya nyumbani, ile inayozungusha sauti chumba kizima, mbele, katikati, pembeni na nyuma, usingizi uliruka.

Mlango ulikuwa wazi. Taa haikuwashwa. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, na nyumba nzima ilikuwa inanuka... dawa ya kuchua, na shuka zilizolowa zikaachwa kukauka ndani. Harufu ya chumba cha mgonjwa. Naijua.

Amplifaya ilikuwa sakafuni, nyeusi, imefutwa vumbi. Nikachuchumaa kama fundi. Nikazungusha kitufe cha sauti, kikaenda laini. Nikanusa matundu ya nyuma kama kuna kilichoungua. Hakuna. Kitu kizima, jamani!

"Mbona unaiuza, kaka?"

"Nyumba imenyamaza," akasema.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alinipa maiki ndogo yenye waya mrefu, akanishika kiganja asikiachie. Mkono wake ulikuwa baridi.

Niwaeleze wasiojua. Amplifaya za namna hii unazifundisha chumba. Maiki unaiweka pale utakapoketi, usawa wa masikio. Yenyewe inapiga mlio kwenye spika moja baada ya nyingine, inasikiliza, inajua kila spika iko umbali gani na msikilizaji kichwa chake kiko wapi. Ukimaliza, sauti yote inamlenga yule mtu mmoja.

"Ukipima," akaninong'oneza, "weka pa kichwa chako. Chako wewe. Usiazime cha mtu."

Nikamjibu sawa, sawa, kama unavyomjibu mtu ambaye akili zimemruka kidogo. Nikabeba mzigo wangu nikaondoka.

Hapa pana jambo ambalo kama ningeweza kuliruka ningeliruka.

Chumba kikubwa cha mbele, chenye ukuta mzuri wa televisheni, kilikuwa cha mama yangu. Kiharusi kilimchukulia upande wa kushoto na sauti yote. Anaelewa kila kitu ila hawezi kutamka neno. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenikabidhi mama, kwa sharti moja. "Alale mbele," alisema, "apitiwe na watu, awaone watoto wakitoka shule. Siku ukimficha nyuma, namchukua siku hiyohiyo, na ukoo mzima nitauambia kwa nini." Nikaapa mbele yake. Machozi yalinitoka kabisa.

Halafu, kesho yake baada ya kununua amplifaya, nikamhamishia nyuma ili nipate ukuta ule. Chumba chenyewe ni kile tulichokuwa tunaweka mifuko ya saruji iliyobaki na baiskeli mbovu.

"Na wifi ukimwona utamwambia nini?" mke wangu aliuliza.

"Mama anataka utulivu."

"Amekwambia?"

Tulimbeba mimi na kinyozi, rafiki yangu wa jirani, ambaye nilimdanganya kwamba ni ushauri wa daktari. Tulipofika mlangoni, mama alishika fremu kwa ule mkono wake mzima. Kinyozi alikuwa ametangulia na upande wa miguu, hakuona. Mimi niliona. Nilivitoa vidole vyake kimoja kimoja, polepole, kwa adabu. Nasema kwa adabu, kana kwamba adabu ilisaidia kitu.

Jioni hiyohiyo nikafunga mitambo. Spika tatu mbele, mbili pembeni mwa kochi, na sabufa kwenye kona. Nikakosa cha kusimamishia maiki. Nikatazama huku na huku... mto wa mama tulikuwa tumeusahau. Ulikuwa bado na bonde la kichwa chake. Nikauweka juu ya kochi, nikaikita maiki ndani ya lile bonde. Ilikaa vizuri ajabu.

Nikabonyeza remoti, nikasimama pembeni kimya.

Shiiii... kushoto.

Shiiii... katikati.

Shiiii... kulia. Kisha spika za pembeni, moja, na nyingine. Sabufa ikanguruma. Nikajua imekwisha.

Shiiii...

Huko nyuma. Ndani kabisa ya nyumba. Mahali ambapo sikuwa nimevuta hata waya.

Kwenye kioo cha televisheni ikaja picha ya chumba na spika zangu zote. Na moja ya ziada, imechorwa peke yake, nje ya mstari wa ukuta. Nikasonya. Vitu vya mtumba hivi! Nikaingia kwenye mipangilio nikaizima. Asubuhi nilipowasha, ilikuwa imejiwasha.

Sasa, kuna kundi letu la simu la wapenda sauti, na kila mwenye chombo kipya lazima akitolee tathmini. Nilirekodi yangu kwa madaha. Nikasema besi imekaa, haivimbi. Nikasema mvua ya kwenye filamu unataka kuanua nguo. Mazungumzo yako wazi, mtu akinong'ona unamsikia mpaka anavyomeza mate. Dosari moja, nikasema: ikipata moto inanuka dawa ya kuchua. Wakanicheka, wakaniambia nimepaka mgongo nikajisahau.

Dosari ya pili sikuwaambia.

Kila filamu ilipofika mahali pa kimya, spika ya nyuma ilipumua. Pumzi nzito, ya mtu anayejikakamua. Siku ya kwanza ilikuwa pumzi tu. Siku ya pili nilikuwa peke yangu kwenye kochi, watoto nje, mke wangu hajarudi.

"Mwa... nangu."

Nywele zilinisimama. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu kiharusi. Niliitambua. Mungu ananiona, niliitambua palepale, herufi ya kwanza haijaisha.

Nikachukua remoti.

Nikaongeza sauti.

Kesho yake nilijificha kwenye choo cha kazini nikampigia yule muuzaji. Aliitikia upesi kana kwamba alikuwa anaingoja simu.

"Uliweka maiki juu ya nini?"

"Juu ya mto."

"Mto wa nani?"

Nilisikia anavyohema.

"Wangu alikuwa mke," akasema. "Alilala muda mrefu bila kusema neno. Mimi niliogopa nikawa naizima. Mpaka akaenda." Halafu akasema kwa upole kabisa, "Msikilize, bwana," akakata. Nilipopiga tena haikupatikana.

Siwezi kudanganywa na mtu wa namna ile! Ndivyo nilivyojiambia. Na Jumamosi nikawaalika watu waje kusikia chombo.

Mke wangu ni fundi cherehani, Jumamosi hashindi nyumbani. Aliniachia mama. Aliniambia mara mbili, maji yake yako pale, chakula kile pale, dirisha usilifunge. Nikaitikia huku nanyoosha nyaya. Tangu mchana nilikuwa nahamisha spika sentimita huku, sentimita kule. Jioni akafika kinyozi na majirani wawili watatu, wakajipanga kwenye kochi na sakafuni. Nilikuwa ndiyo kwanza nashika remoti, mlango ukabishwa.

Dada.

Alikuwa aje kesho yake. Alisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, akatazama televisheni, akatazama spika, akatazama pale kilipokuwa kitanda.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala, dada. Alitaka utulivu kidogo. Karibu, kaa kwanza upumue. Sikiliza kitu hiki, utashangaa."

Nikamketisha. Nikawasha filamu ya dhoruba, sauti juu, ili asipate nafasi ya kuuliza la pili. Upepo ukavuma nyuma ya vichwa vyao. Kinyozi akapiga paja lake. "Loo! Besi, wewe ni mchawi!" Wote wakacheka. Dada hakucheka. Harufu ikaanza kupanda... dawa ya kuchua, shuka zenye unyevu. Dhoruba ikatulia. Kwenye filamu mtu akasimama ufukoni, kimya.

"Mwanangu..."

Kinyozi akageuka nyuma. "Hiyo ni ya filamu?"

"Ya filamu," nikasema.

"Mwanangu... punguza kelele. Nimekuita tangu mchana."

Machungwa yalianguka yakabingirika mpaka chini ya kochi. Dada alikuwa amesimama.

"Hiyo ni sauti ya mama."

"Mama haongei, dada. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua," akasema taratibu. "Haongei."

"Maji... mwanangu."

Nikaruka nikachomoa waya wa umeme ukutani. Televisheni ikazima, taa nyekundu ya amplifaya ikazima. Nilibaki na plagi mkononi, kila mtu anaiona.

"Nilishika mlango," sauti ikaendelea. "Ukanitoa vidole."

Macho yao yote yalishuka kwenye mikono yangu. Nami nikaitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

Kinyozi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Kumbe si daktari."

Dada hakuniuliza ni chumba kipi. Alifuata sauti. Nikamfuata. Alipousukuma mlango wa nyuma, joto lilitupiga usoni pamoja na vumbi la saruji. Dirisha nilikuwa nimelifunga mimi, ili sauti ya spika isipotee nje. Mama alikuwa amelala ubavu, ametazama ukuta. Mdomo umefungwa. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Kikombe kilikuwa juu ya mfuko wa saruji, kimejaa, na mkono wake ulionyooshwa ulikuwa haukifikii.

Ile sauti ikakoma.

Dada alimwinua kichwa akamnywesha kidogo kidogo. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alisema tu, "Tafuta gari," halafu akaghairi. "La, usitafute wewe." Kinyozi akatoka kutafuta. Walipombeba kumtoa, mama alinipitia karibu kabisa, akanitazama. Sikuona hasira. Nilishindwa kumtazama nikainama, nikajifanya nayasogeza machungwa.

"Usije mpaka nikuite," dada akasema kwenye gari.

Hajaniita. Ukoo mzima unajua, kama alivyosema. Mjomba alinipigia akasema jina langu mara moja, akakata. Kinyozi bado ananinyoa, lakini siku hizi ananinyoa kimya, na mimi nafumba macho nisijione kwenye kioo chake. Kundi la simu nimejitoa. Chombo ni kizuri, nawaambia kweli, sijawahi kusikia kizuri kama kile. Nimekifungua nyaya zote nikakifunika shuka.

Hakijanyamaza.

Kila jioni, watoto wakiwa bado nje wanacheza, nyumba inaanza kunuka. Kisha sauti inatoka kule nyuma, kwenye chumba kitupu.

"Mwanangu... maji."

Siku ya kwanza niliziba masikio kwa viganja. Siku iliyofuata nilichota kikombe, nikakipeleka, nikakiweka sakafuni pale kilipokuwa kitanda, nikatoka bila kugeuka. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu. Sakafu kavu. Tangu hapo napeleka kila jioni, na naomba radhi kwa sauti, mlango ukiwa wazi, mtu anisikie asinisikie. Mke wangu ananiona.

Jana ndipo aliposema kitu. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho.

"Nimeongea na wifi."

"Mama anaendeleaje?"

"Anakula. Ameanza kukaa." Akachukua shati jingine. "Ila wifi anashangaa. Mchana anakunywa maji vizuri. Jioni hataki kabisa. Ukimpelekea kikombe, anatikisa kichwa."

"Kwa nini?"

"Wifi anasema midomo ya mama inakuwa tayari imelowa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za mchezo, na harufu ilikuwa imeshaanza kupanda. Mke wangu alinyanyuka, akasuuza kikombe, akanipa.