Mfereji wa Fundi Timazi

Kila kukicha, uwanja wa nyumba ile ulijaa sauti ya maji. Mama wa nyumba alikuwa dobi. Aliloweka nguo za watu kwenye mabeseni, akazifikicha, akazisuuza, akazikamua na kuzianika. Povu lilimfika viwikoni. Ndiyo maana uchochoro mzima ulimwita Mama Povu. Naye hakuchukia.

"Afadhali Povu kuliko Uchafu," alisema, na wateja wakacheka.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Yeye walimwita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kizito cha chuma ambayo fundi huining'iniza ajue kama ukuta umesimama wima. Fundi huyu hakutoka nyumbani bila timazi yake mfukoni. Na mwenyewe alitembea wima, kifua mbele, utadhani amemeza mpini wa ufagio.

"Kuta zangu hazijui kuinama," alipenda kusema.

Walikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa sekondari. Jioni, baada ya kumsaidia mama yake kupiga pasi, binti alifungua kitabu cha historia na kuzama humo. Ukimwita mara ya kwanza, hasikii.

"Unasoma nini tena?" baba yake alimuuliza siku moja.

"Habari za watu wa kale, baba. Wamisri, Wasumeri, Wagiriki."

"Wako wapi sasa hivi?"

"Walishakufa, baba."

"Basi waache wapumzike. Shika hesabu. Historia haijawahi kujenga ukuta."

Mwaka ule wanafunzi walitakiwa kuchagua masomo ya kuendelea nayo. Binti alitaka historia. Baba alikataa katakata. Binti akafunga kitabu na kwenda kulala, roho ikimuuma.

Nyumba ile ilikuwa na shida nyingine, kubwa kuliko hiyo. Maji ya kufulia yalitoka uwanjani kwa mfereji aliojenga fundi mwenyewe. Ulipita mbele ya milango ya majirani hadi kwenye mtaro mkubwa wa mji. Fundi aliufunika kwa zege kuanzia mwanzo hadi mwisho, akausakafia ukawa laini kama meza. Kwa macho, ulipendeza. Lakini humo ndani mlikuwa na mambo. Nyuzi za nguo, mchanga wa mifukoni, vifungo na utelezi wa sabuni, vyote viliingia na kujishika. Mfereji ukaziba. Fundi akavunja zege, akazoa taka, akasakafia upya. Ukaziba tena. Maji yakapanda juu, yakatuama mlangoni kwa jirani, meusi, yananuka.

Jirani huyo alikuwa mshonaji, shoga mkubwa wa Mama Povu. Alikuwa na mtoto mdogo aliyeanza kutembea juzijuzi. Na mtoto wa umri ule, akiona maji, ameona mchezo. Akayachezea, akatia vidole mdomoni. Kesho yake akaanza kuharisha na kutapika.

Mshonaji alimkimbiza zahanati. Muuguzi akasema ni uchafu wa maji. Mtoto alipewa maji yenye dawa ya chumvichumvi, kijiko baada ya kijiko, hadi akapata nafuu. Alirudi nyumbani amekonda, shingo kama ya kifaranga.

Siku hiyo mshonaji alikuja kwa Mama Povu. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Shoga, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Lakini nimembeba mwanangu hana hata nguvu ya kulia. Pole yako siitaki. Nataka maji haya yaondoke. Nimezungumza na wenzetu wa uchochoroni. Maji yakituama tena, kazi ya kufua itabidi uifunge."

Akageuka, akaenda zake. Mama Povu aliinama juu ya beseni. Machozi yakadondokea kwenye povu.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Alijua kwamba kazi ya mkewe ndiyo iliyowalisha miezi ambayo yeye hakupata kazi ya ujenzi.

"Usilie, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho nauvunja tena."

"Utavunja mpaka lini, baba watoto? Unavunja, unaziba, unavunja, unaziba. Huo ni mfereji au kidonda?"

Fundi akachukua nyundo, kisha akaiweka tena chini.

Wakiwa katika hali hiyo, alifika mteja kuchukua sare zake. Alikuwa dada mmoja aliyepanga nyumba ya pili. Alifanya kazi katika makumbusho ya mji, akiwaeleza wageni habari za vitu vya kale. Alimkuta Mama Povu ana macho mekundu, akauliza kulikoni. Alipoelezwa, akatoka nje, akautazama mfereji. Kisha akamgeukia fundi.

"Fundi, mimi saruji siijui. Sitaki kukufundisha kazi yako. Ila ningependa uje kazini kwangu, kuna kitu ukione. Wapo wenzako waliowahi kukutana na shida hiihii, wakapata njia."

"Wenzangu gani? Mafundi wa wapi?"

"Walikufa zaidi ya miaka elfu nne iliyopita."

Binti, aliyekuwa akikunja nguo, aliziba mdomo kwa shati asicheke.

"Dada," alisema fundi, "mimi nina maji mlangoni kwa jirani, na wewe unanipeleka kwa marehemu?"

"Nenda," Mama Povu alimkatiza. "Walio hai tumeshindwa."

Jumapili wakaenda wote watatu, fundi, mkewe na binti yao. Fundi hakuwahi kuingia makumbusho. Alidhani ni mahali pa watu wenye miwani. Ndani palikuwa na baridi na ukimya, akajikuta anatembea kwa vidole kama aliyeingia chumba cha mtoto aliyelala.

Dada aliwasimamisha mbele ya ramani kubwa iliyochorwa ukutani.

"Watu wengi hudhani mataifa ya kale yalikuja moja baada ya jingine, kama watu kwenye foleni," alieleza. "Sivyo. Tazameni hii mito. Hapa ni mto Nile. Wakati Wamisri wanajenga piramidi kubwa, hapa Mesopotamia, kati ya mto Tigri na mto Frati, watu walikuwa tayari wanaandika kwenye vibao vya udongo. Na huku, kwenye bonde la mto Indus, wengine walikuwa na miji mikubwa ya matofali. Wakati huohuo, kusini ya Misri, mji wa Kerma ulikuwa unaanza kukua."

"Wote kwa pamoja?" Mama Povu alishangaa. "Walijuana?"

"Baadhi yao, ndiyo. Walifanya biashara. Mihuri ya watu wa Indus imechimbuliwa huko Mesopotamia, mbali kabisa na kwao."

"Mnajuaje yote haya?" fundi aliuliza. "Nani aliwaambia?"

"Vitu ndivyo vinavyotuambia. Wachimbaji hufukua ardhi taratibu, tabaka kwa tabaka. Wanaandika kila kitu kilikuwa wapi na kilikaa na nini. Kigae kimoja kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa, habari yake imepotea. Halafu wanalinganisha. Wanabishana pia. Jambo wasilolijua, wanatakiwa kusema hawalijui."

Kisha akawapeleka kwenye chumba cha pili. Katikati, ndani ya kioo, palikuwa na mfano mdogo wa mji. Nyumba zake zilikuwa ndogo kama viberiti. Kibao kilisema ni mtaa wa Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la Indus.

Fundi Timazi aliinama. Akapiga magoti. Akasahau kwamba ana suruali nzuri.

"Hiki ni chumba cha kuogea," alisema mwenyewe, kidole kwenye kioo. "Sakafu wameilaza ielekee kona. Maji yanatoka ukutani hapa. Sasa hili shimo la tofali la nini?"

"Maji yalipitia humo kwanza. Taka nzito zikatua chini, maji yakaendelea kwenye mfereji wa mtaa."

"Na huu mfereji, naona umefunikwa. Mbona vifuniko havikuunganishwa?"

"Vingi viliwekwa tu juu, tofali au bamba la jiwe, ili viinuliwe. Wachimbaji walikuta marundo ya mchanga kando ya mifereji. Wanaona ni dalili kwamba watu waliifungua na kuizoa."

Fundi alitoa timazi yake mfukoni, akaizungusha vidoleni. Mkewe alimtazama, akijua kwamba mume wake akifanya hivyo, anapima kitu.

"Mimi niliujenga wa kutazamwa," alisema hatimaye. "Hawa waliujenga wa kusafishwa."

Alisema hivyo bila kuona aibu. Alisema kama fundi anayezungumza na fundi mwenzake.

Kabla hawajatoka, dada aliwaonyesha picha ya tofali la kale kutoka miji ileile ya Indus. Juu yake palikuwa na alama ya unyayo.

"Mbwa!" fundi alipaza sauti, mpaka mlinzi akageuka. "Huyu ni mbwa! Fundi kayapanga matofali yake mabichi yakauke, mbwa kakatiza! Mama watoto, unamkumbuka yule mbuzi aliyepita kwenye sakafu yangu?"

"Nakumbuka matusi uliyomtukana."

Fundi alicheka hadi akafuta macho. Kisha akauliza, "Huyu fundi aliitwa nani?"

"Hatujui. Walikuwa na maandishi yao, lakini hadi leo hakuna aliyeweza kuyasoma kwa hakika."

Fundi aliitazama ile picha muda mrefu. Binti alisogea karibu yake.

"Baba, hii ndiyo ninayoisoma. Siyo wafalme tu."

Baba alimwekea mkono begani, wakatoka hivyo hadi nje.

Kazi ilianza. Lakini kwanza fundi alikwenda mlangoni kwa mshonaji, majirani wengine wakakusanyika.

"Jirani," alisema, "mfereji ule niliukosea. Hauna mteremko wa kutosha, hauna mahali pa kutegea taka, na niliuziba kote, hauwezi kufunguliwa. Naujenga upya."

Mshonaji alimpakata mtoto wake. Hakulegeza uso.

"Umeshajenga upya mara ngapi, fundi?"

"Safari hii njoo uone kabla sijafunika."

Alivuta uzi, akaweka pima maji, akahakikisha mfereji unashuka kidogokidogo hadi kwenye mtaro wa mji. Uwanjani akajenga chemba, yaani shimo la tofali lililosakafiwa ndani lisivuje. Binti aliwaeleza majirani kwa kuchora kwa kijiti mchangani.

"Maji yanaingia huku kupitia chujio. Humu yanatulia. Mchanga na vifungo vinazama. Mafuta ya sabuni yanaelea juu. Bomba la kutokea mdomo wake umeinamishwa chini kidogo ya usawa wa maji, kwa hiyo linachukua yale ya katikati, yasiyo na taka."

"Na huku uchochoroni?" aliuliza jirani mmoja.

"Mabamba ya zege yenye mishikio," fundi alijibu. "Unainua, unazoa, unarudisha. Huhitaji nyundo wala fundi. Wala mimi mwenyewe."

Watu wakacheka. Mshonaji hakucheka bado.

"Nani atazoa?" aliuliza. "Bamba haliinuki lenyewe. Hao watu wenu wa kale, nani alikuwa anawazolea?"

Wote walimtazama binti.

"Walivyopangana hatujui," alisema binti. "Tunachojua ni kwamba mtu alizoa."

"Chemba ni yangu," alisema Mama Povu. "Nitaisafisha kila wiki. Uchafu ni wangu, siwezi kumsukumia mtu."

Mshonaji aliangalia mfereji, akamwangalia shoga yake.

"Basi kipande cha mlangoni kwangu nitakifungua mimi," alisema. "Nionyeshe hilo bamba linavyoshikwa."

Wengine nao wakashika vipande vyao. Walikubaliana kuvaa glavu, kutotupa taka kando ya njia bali kuzipeleka jalalani, na kunawa mikono kwa sabuni kila wamalizapo.

Mvua kubwa ilinyesha wiki chache baadaye. Mama Povu alisimama mlangoni, akiutazama mfereji. Maji yalishuka kutoka kwenye mapaa, yakaingia mferejini, yakapita chini ya mabamba yakinguruma. Mvua ilipokatika, mlangoni kwa mshonaji hapakuwa na dimbwi, ila ardhi mbichi na nyayo za kuku.

Mlango ule ukafunguka. Mshonaji akaja na furushi la nguo kichwani.

"Zimerundikana," alisema bila salamu. "Nimejaribu kuzifua mwenyewe, mgongo ukanikatalia."

"Zilete," alisema Mama Povu. "Na mimi gauni langu limefumuka kwapani tangu tuliponuniana. Naogopa hata kumpungia mtu mkono."

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Mtoto wa mshonaji, aliyekuwa ameshikilia kanga ya mama yake, naye akacheka, ingawa hakujua kinachochekwa. Mashavu yake yalikuwa yamerudi.

Wiki ileile fundi alikwenda shuleni kwa binti yake. Akamwambia mwalimu kwamba nyumbani wamekubaliana: hesabu ataendelea nayo, na historia pia. Watu wa uchochoro wa pili nao walikuja kumwita awajengee mfereji kama ule. Aliwaambia waende kwanza makumbusho, kisha warudi waelewane.

Jioni moja, binti alipomaliza kupiga pasi, alikaa karibu na taa na kufungua kitabu chake. Fundi alikuwa ananawa saruji mikononi.

"Leo mko kwa nani?" aliuliza.

"Kwa Warumi, baba."

"Hao nao walikuwa na mifereji?"

"Mikubwa. Kuna mmoja ambao sehemu yake inapitisha maji hadi leo."

Fundi alijifuta mikono haraka. Akavuta kigoda, akaketi karibu na binti yake.

"Anza mwanzo," alisema. "Soma kwa sauti, na usiruke hata mstari."