Fundi wa Viganja Vikavu

Foleni ya duka la dawa ilifika hadi barabarani, na mfamasia alikuwa amechoka tangu asubuhi. Miguu ilimwaka ndani ya raba nyeupe. Mteja aliyefuata alivaa suti ya kijivu iliyomkaa kama amezaliwa nayo, lakini mikononi alikamata taulo.

"Karibu. Unaumwa nini?"

"Viganja."

"Vinauma?"

"Vinalia."

Akaviweka juu ya kaunta. Alipoviinua, kioo kilibaki na alama za maji, kidole kwa kidole.

"Mimi nashona magauni ya maharusi," alisema. "Nikigusa satini naacha doa. Juzi bi harusi kanishushua mbele ya mama mkwe wake."

Mfamasia akaisoma karatasi ya daktari, akachukua pakiti ya vidonge.

"Sikiliza, fundi. Mwilini kuna mishipa ya fahamu isiyongoja amri yako. Ndiyo inayofungulia jasho, mate na machozi. Dawa hii inazuia ujumbe wake usifike. Lakini haijui kiganja ni kipi. Ni kama kufunga koki kubwa ya nyumba: unataka bomba la jikoni likauke, na la bafuni linakauka. Mdomo utakauka, macho yatakauka. Ukiona moyo unakwenda mbio, rudi."

"Umeshaanza kwenda mbio, dokta."

"Hujameza hata kimoja."

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Foleni ikacheka, isipokuwa mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa. "Kijana, tongoza upesi. Wenzio tunaumwa."

Fundi alirudi, akarudi tena, kila mara kwa sababu dhaifu kuliko ya kwanza, mpaka mfamasia akampa namba ya simu ili foleni ipumue. Mapenzi yao yalikuwa ya watu waliochoka. Jioni mfamasia ametumbukiza miguu katika beseni, fundi ameinamia cherehani, simu katikati yao.

"Unakunywa nini tena?"

"Maji. Ulimi umegandia juu. Nikitaka kukwambia nakupenda, lazima kwanza nilowanishe."

"Basi lowanisha, mpenzi. Nangoja."

Baba yake mfamasia, mzee mgonjwa wa muda mrefu, alimpenda fundi kuliko vidonge vyake vyote. Alimwita "mwanangu" kabla hata ya posa, akaagiza koti la rangi ya kahawia. "Lishone pana," alisema, "nitanenepa." Hakunenepa. Alikufa koti likiwa bado halijatiwa vifungo.

Makaburini fundi alisimama ndani ya suti nyeusi, macho makavu, mekundu, yakitazama udongo. Alipompa mfamasia mkono wa pole, sauti ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Huyo ndiye wako?" Shangazi yake alimnong'oneza. "Hata paka akifiwa hulia."

Neno lile lilimwingia mfamasia kama mwiba, na jioni akapiga simu.

"Baba alikuita mwanangu. Hukutoa hata chozi!"

"Nilitaka kulia, mpenzi. Hayakuja. Hata mimi nilijiogopa."

"Chozi halisubiri kutakwa. Linakuja lenyewe."

Kiburi kikamjibia fundi. "Basi labda mimi ni jiwe."

"Kaa na jiwe lako."

Simu ikakatwa. Mganga hajigangi: kati yao wawili, hakuna aliyekumbuka pakiti ile. Aliyeitoa alikuwa na msiba, aliyeimeza alikuwa na aibu. Na kiburi cha mwanamume ni mzigo wa mawe, humchosha anayeubeba naye bado hautui.

Siku zikaburuta miguu. Mfamasia alihudumia watu bila kuwatazama nyuso, mpaka bibi mmoja mwenye kibofu kisichotulia alipoleta karatasi yenye dawa ile ile.

"Itakituliza, bibi. Ila mdomo utakauka, na macho..."

Akakwama, kidonge mkononi.

"Macho yatafanyaje, mwanangu?"

"Yatakauka. Hata ukiwa na msiba."

"Nina msiba gani mimi?"

"Si wewe, bibi. Ni mimi."

Alipomaliza kumhudumia bibi, akamwachia mwenzake kaunta, akatoka na koti lake jeupe mwilini.

Alimkuta fundi anashona kaptula za shule, kitambaa kizito cha kaki kisichoonyesha jasho. Satini ilikuwa imetoweka dukani. Kwenye kiti, taulo lilikuwa limerudi.

"Umeacha dawa," mfamasia alisema.

"Ziliisha. Nilishindwa kupanga foleni mbele yako."

"Ni vile vidonge, fundi. Vilikukausha macho. Nilikwambia kwa kinywa changu, halafu nikakuhukumu kwa kinywa hicho hicho. Nisamehe."

Fundi aliinua macho. Akaonyesha koti la kahawia lililotundikwa ukutani.

"Baada ya kuviacha, nilikaa nilitie vifungo. Nikalia mpaka uzi ukalowa."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Niseme nini? Halo, machozi yamefika, yalichelewa njiani?"

Mfamasia alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio. Fundi akanyoosha mkono, akausitisha hewani.

"Nitakulowesha."

"Nilowanishe."

Kiganja kikatua begani. Kilipotoka, koti jeupe lilibaki na alama ya vidole vitano.

"Kesho twende kwa daktari wako," alisema mfamasia akifuta pua. "Akupunguzie kipimo, urudi kwenye satini yako. Lakini gauni langu utalishona bila dawa."

"Gauni gani?"

"Wewe hushona gauni gani?"

Fundi alisahau kumeza mate, ingawa sasa alikuwa nayo. "Litajaa madoa. Shangazi yako atasema nini?"

"Mwambie ni machozi ya paka aliyefiwa." Akavuta kigoda. "Nipime, basi, kabla sijalala."

"Simama wima."

"Miguu inaniuma."

"Kaa hivyo hivyo, mke wangu."

Akautoa utepe shingoni, akapiga magoti. Akampima akiwa amekaa, bega, kifua, kiuno, na kila alipogusa, koti jeupe lililowa.