Simu ya Kipepeo Imeunganishwa

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkutubi aliegesha gari lake mbele ya kioo cha duka la magari alikolinunulia miezi saba iliyopita. Kabla hajazima injini, msichana asiyeonekana akamwambia:

"Karibu ndani. Funga mkanda. Tutazunguka kidogo tu."

Mkutubi aligeuka haraka. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mwavuli wake na vitabu viwili vya kurudishwa maktaba, basi. Sauti ikaendelea, laini, karibu kabisa na sikio.

"Gari hili ni dogo, lakini miguu yako itakaa vizuri. Nyoosha tu." Kikafuata kicheko kifupi cha mtu aliyekosea, kisha akaanza upya: "Karibu ndani. Funga mkanda."

Sauti ilitoka kwenye spika za milango. Skrini ndogo katikati ya dashibodi iliandika: SIMU YA KIPEPEO IMEUNGANISHWA.

Yeye hakumjua Kipepeo yeyote. Alisogeza gari hadi karakana ya nyuma, alikokuwa na miadi ya kubadilisha oili, na alipokata kona sauti ikakatika katikati ya neno.

"Kipepeo?" fundi rangi alisema alipoulizwa. Alielekeza kidole kwenye bango kubwa ukutani. Msichana wa miaka ishirini na minne hivi alikuwa ameegemea gari la manjano lenye paa jeusi, anacheka. "Huyo hapo. Alikuwa muuzaji wetu nambari moja. Vijana walikuja kutazama gari, wakamtazama yeye, wakaondoka na gari. Hilo lako ndilo alilokuwa akiwazungushia wateja."

"Yuko wapi sasa?"

"Alipata kazi nje ya nchi. Mwezi wa nane huu. Maneno ya wateja alikuwa akijirekodi kwenye simu yake kwa mazoezi. Usijali, gari linakumbuka simu yake tu."

Mkutubi hakubishana, lakini kazi yake ilikuwa kujua tofauti ya kitabu kilichoandikwa kwenye orodha na kitabu kilichopo rafuni. Gari linaweza kukumbuka jina la simu iliyo mbali. Haliwezi kuunganishwa nayo, wala kucheza sauti iliyorekodiwa ndani yake. Simu ile ilikuwa hatua chache kutoka pale alipoegesha.

Jioni ile alimtafuta mama yake Kipepeo, mshonaji wa sare za shule, ambaye fundi rangi alimwelekeza kwake. Mama alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwonyesha simu yake kwa fahari.

"Mwanangu hajambo. Ananiandikia kila siku. Tazama, leo mchana ameniuliza kama nimekula."

"Mmewahi kuongea kwa sauti, mama?"

"Anasema mtandao wa huko unakatikakatika. Tunaandikiana tu."

"Tangu lini?"

Mama alihesabu kwa vidole, akafika cha nane, akaacha mkono wake hewani.

*

Sajini wa upelelezi alikuwa mwanamke wa makamo aliyesikiliza huku amefumba macho, hata wageni wakadhani amesinzia. Jumatano asubuhi aliwasikiliza mkutubi na mama hadi mwisho, kisha akasoma ujumbe wote wa miezi minane, mmoja mmoja.

"Jumbe zote zinaingia kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni," alisema. "Jumapili hakuna kitu. Mama, mwanao aliondoka siku gani?"

"Jumapili ilikuwa. Alitoka mchana kama kawaida, akasema anampitia rafiki yake. Kesho yake akaniandikia kwamba ndege imemchukua ghafla. Nililia, lakini sikushangaa. Safari alikuwa akiizungumza kila siku."

"Na mchumba?"

"Mpiga picha wa matangazo yao. Walikuwa wamegombana kwa sababu ya hiyo safari. Kila Jumanne yuko pale dukani anapiga picha za magari."

Sajini alifumbua macho. Simu ilikuwa imejitokeza Jumanne.

Alhamisi saa nne kamili aliwaita kituoni watu wawili, mpiga picha na meneja wa duka. Wakati huohuo, kwa maelekezo yake, mkutubi alikuwa anaegesha gari mbele ya kioo cha duka, spika zikiwa zimezimwa.

Mpiga picha alikuwa amekonda, na alijibu bila kuinua uso.

"Uligombana naye?"

"Niligombana naye. Nilimwambia akipanda ndege asinitafute. Akaniandikia, 'Nimeondoka, nisamehe.' Sikumjibu. Ningejua aliko ningeshamfuata, afande, kwa miguu."

Meneja alifuta jasho mara nyingi kuliko joto la chumba lilivyohitaji.

"Lile gari uliliuza haraka sana," Sajini alimwambia.

"Lilikuwa la duka, afande. Mtu ameacha kazi kwa ujumbe wa mistari miwili, nilifanyeje? Nikaamuru lisafishwe, likauzwa."

"Mbona bampa ya mbele ni mpya? Rangi yake haiwiani na boneti."

"Liligongwa nguzo uani. Sikumwambia mnunuzi, hilo ni kosa langu, nakiri. Magari haya wanunuzi wake ni vijana, wakisikia limegongwa wanakimbia."

"Nani aligonga?"

"Kipepeo mwenyewe, kabla hajaondoka. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Na nani?"

Kabla hajajibu, simu ya Sajini ilitetemeka mezani. Mkutubi alikuwa ameandika: Imeunganishwa. Saa nne na dakika ishirini.

Sajini aliwatazama wanaume wawili waliokuwa mbele yake, mikono yao mitupu juu ya meza, simu zao kwenye bahasha ya kituo. Haikuwa kwao.

"Nimekuuliza, uliambiwa na nani?"

"Na mpokea wageni," meneja alisema.

*

Alasiri hiyo Sajini alikwenda dukani kama mteja. Alizunguka jukwaa la saruji lililojengwa uani, mbele ya kioo, ambapo gari jipya la rangi ya waridi lilikuwa limepandishwa. Vijana wawili walikuwa wanapigana picha juu yake.

Fundi rangi, aliyeonyeshwa kitambulisho kwa siri, alikuwa na daftari la kazi, na alikuwa nadhifu kwa maandishi yake.

"Bampa ya lile la manjano, hii hapa. Jumatatu, asubuhi na mapema. Aliyeniletea habari ni mpokea wageni. Alisema mwenzake aligonga nguzo Jumamosi jioni."

"Ulimwamini?"

Fundi alikuna shingo. "Nguzo huacha chokaa, afande. Ile bampa ilikuwa imebonyea tu, na imefutwa ikang'aa. Nilijisemea labda yeye ndiye aliyegonga, anajificha nyuma ya aliyesafiri. Hana leseni yule. Kipepeo alikuwa akimfundisha kuendesha siku za Jumapili duka likifungwa, kwa sababu alitaka naye apewe kazi ya uuzaji."

"Jukwaa lile lilijengwa lini?"

"Wiki hiyohiyo. Shimo la msingi lilichimbwa Jumamosi. Zege likamwagwa Jumatatu."

Sajini aliingia ndani. Mpokea wageni alikuwa msichana mpole mwenye sauti ya chini. Alimkaribisha kiti, akamletea maji, akamuuliza kama amechoka na jua. Kila dawati la duka lilitazama kioo na ua. Lake lilitazama ukuta. Mteja alipoingia ilimbidi ageuke kiti kizima.

"Mbona umewapa wageni mgongo?" Sajini aliuliza kwa utani.

"Mwanga unaniumiza macho, mama," alisema, na hakugeuka kutazama nje hata alipokuwa anaelekeza mlango.

Sajini alirudi kituoni na kukaa muda mrefu. Angeweza kupata kibali na kupekua droo. Lakini simu kwenye droo ya mapokezi, ambako kila mfanyakazi hupita, ingekanwa na wote. Na kuna jambo lilimsumbua kuliko hayo. Mtu anayeficha kifo huitupa simu ya marehemu. Huyu aliichaji kwa miezi minane.

*

Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, mama alikuwa ameketi ndani ya gari la Sajini, mtaa mmoja kutoka dukani, simu mkononi.

"Sijawahi kumdanganya mwanangu," alisema.

"Mama, nadhani unayemwandikia si mwanao."

Mama alikuwa amelijua hilo tangu Jumanne jioni, vidole vyake vilipofika cha nane, ila hakuna aliyelisema kwa sauti. Akaandika polepole: Mwanangu, nimeteleza bafuni, mguu wa kulia umevimba.

Jibu lilikuja kabla ya dakika mbili kuisha. Pole sana mama yangu. Usiusimamie kabisa huo mguu. Kuna mtu wa kukukanda?

"Anaandika vizuri," mama alisema, na sauti yake ilimtisha Sajini kuliko kilio. "Wa kwangu hakuwahi kuniandikia mengi hivi."

Saa nne kasorobo waliingia dukani, mama mbele, anatembea wima, Sajini na askari mmoja nyuma yake. Meneja alisimama. Wauzaji waligeuka. Mpokea wageni aligeuza kiti, akamwona mama, na rangi ikamtoka. Alimjua. Alikuwa amekula kwake mara nyingi, enzi za urafiki na binti yake.

Kisha akafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye huruma angefanya. Alivuta kiti, akakimbia nacho.

"Keti, mama. Usiusimamie huo mguu."

Mama hakuketi.

"Mguu gani, mwanangu?"

Msichana aliutazama mguu wa kulia wa mama, uliosimama imara sakafuni. Mikono yake iliachia kiti.

"Habari ya mguu imepelekwa kwa simu moja tu duniani," Sajini alisema. "Iko wapi?"

Msichana alielekeza droo ya chini. Askari akaifungua. Simu ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa safi kilichokunjwa, waya wa chaji umepitishwa kwenye tundu nyuma ya meza.

"Jumapili ile mlikuwa mnajifunza kuendesha," Sajini alisema.

"Ndiyo." Aliongea kwa sauti yake ileile ya kupokea wageni. "Aliniambia sitaweza kazi ya uuzaji. Alisema ameshamwambia meneja asinipe. Alishuka anielekeze namna ya kuegesha, akasimama mbele, kati ya gari na ukuta. Nilitakiwa kukanyaga breki."

"Ukakanyaga mafuta."

"Mguu ulikanyaga mafuta. Nimeuuliza kila siku kama ulikosea. Haujanijibu."

"Mlinzi wa duka hakusikia?"

"Yuko lango la barabarani. Huku hasikii kitu."

"Alikufa papo hapo?"

Msichana alitikisa kichwa. "Alikuwa anapumua kidogo. Nilifikiria kuita watu. Nikafikiria watakavyoniuliza. Nilikaa naye mpaka akanyamaza. Nikamsukuma kwa toroli ya matairi mpaka kwenye shimo, nikamfunika kifusi. Kesho yake wajenzi wakaja."

Meneja aligeuka taratibu kutazama jukwaa nje ya kioo. Wenzake wote wakageuka. Msichana peke yake alibaki anatazama ukuta.

"Na simu?" Sajini aliuliza. "Kwa nini hukuitupa?"

"Nilitaka kuitupa siku ileile niliyotuma ule ujumbe wa safari. Ndipo mama akaandika, 'Mwanangu, umefika? Umekula?'" Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Sina mama mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajibu mara moja tu. Kesho yake akauliza tena."

Mama alimsogelea mpaka wakawa wanapumuliana. Askari alitaka kuingilia kati, Sajini akamzuia.

"Nilikuombea," mama alisema. "Kila siku, nikidhani ni yeye. Sasa hayo maombi niyafanye nini?"

Msichana alilia. Mama hakulia. Alirudi nyuma hatua tatu, akakaa kwenye kile kiti.

Gari la rangi ya waridi lilishushwa saa sita. Saa kumi na dakika tano mafundi walivunja tabaka la mwisho la zege, wakaacha kupiga nyundo, wakavua kofia. Mpiga picha alisimama pembeni mpaka mwisho, bila kamera.

Kesi ilipokwisha na mpokea wageni kuhukumiwa, Sajini mwenyewe alimpelekea mama simu ya binti yake, nyumbani, ndani ya bahasha. Mama hakusoma chochote cha ile miezi minane. Alipandisha juu kwa kidole gumba, muda mrefu, mamia ya maneno matamu yakipita, hadi akaifikia Jumapili. Saa nane na dakika mbili mchana Kipepeo alikuwa ameandika mwenyewe, kwa haraka, bila salamu: Mama nyama iko kwenye friji usipike nyingine.

Mama alimwonyesha Sajini kwa kidole.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye wangu."